Kibuyu Kisichokuwa cha Maziwa

Johana alikuwa na neno moja kwa kila kitu ambacho binti yake mdogo alileta nyumbani kutoka darasa la sanaa: takataka.

Chepchirchir alileta ng'ombe wa udongo. Johana akauliza ni ng'ombe gani huyo mwenye shingo ya bata. Takataka. Akaleta kikapu cha maganda ya migomba, Johana akasema hakiwezi kubeba hata yai. Takataka. Akaleta kitambaa kilichofungwa mafundo kwa uzi na kuchemshwa pamoja na majani ya chai, kikatoka na miduara ya kahawia kama macho ya bundi. Hicho Johana alikitazama kidogo, kwa sababu majani ya chai aliyajua. Alikuwa anayachuma tangu alipoacha shule darasa la sita. Aligeuza kitambaa upande huu na ule, kisha akasema, "Mmechemsha chai nzuri halafu hamkuinywa."

Chepchirchir alicheka. Alikuwa na miaka kumi na aliamini baba yake ni mtu wa mzaha.

Darasa lenyewe lilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, pale sokoni Roret, siku za likizo na kila Jumamosi shule zikifunguliwa. Mwalimu alikuwa Madam Dolphine, mke wa Gordon Oyoo, fundi wa mashine katika kiwanda cha chai. Walikuwa wametoka upande wa ziwani, wakapangisha nyumba nyuma ya soko. Madam Dolphine hakuwa na vifaa vya dukani. Watoto walichimba udongo mtoni, wakabeba makaa kutoka jikoni, wakaomba magunia yaliyotoboka, trei za mayai, nyaya, vijiti vya michai iliyopogolewa. Wiki moja walifinyanga, wiki nyingine walisuka, nyingine walichora kwa makaa juu ya karatasi za mifuko ya unga.

Johana alifika pale mara moja tu, mvua ikiwa imemfungia binti yake. Alisimama mlangoni na koti lake likidondosha maji. Kijana mmoja mdogo alikuwa anahangaika na ng'ombe wa udongo aliyevunjika mguu. Aliinua ng'ombe wake juu kwa mwalimu. "Ticha, nisaidie."

Madam Dolphine aliweka mikono yake nyuma ya mgongo. "Wewe unaonaje?"

"Mguu ni mwembamba."

"Na ng'ombe wa kwenu, miguu yake iko aje?"

Mtoto akafikiria, akarudi kwa udongo wake. Johana akaona huyu mama ni mvivu. Mtoto analilia msaada, mwalimu anaficha mikono.

"Madam," akamwambia, "hapa mnafunza nini hasa?"

"Tunafunza watoto kutengeneza kitu ambacho hakikuwako, mzee."

"Na kikishakuwako?"

"Basi kiko." Akacheka. "Hapa sheria ni moja tu. Hakuna mtu kugusa kazi ya mwingine bila kumuuliza. Hata mimi. Ingia ukae, mvua bado."

Johana hakukaa. Alisema ana ng'ombe wa kukamua, akamshika binti yake mkono wakaenda na mvua yao.

Likizo ya mwezi wa nane, Joan, mkewe Johana, alimpa Chepchirchir kibuyu kimoja kutoka kwa ule mmea unaotambaa uliopanda ua nyuma ya nyumba. Kilikuwa kimekauka vizuri, shingo ndefu, tumbo la duara. Mtoto alikaa nacho siku nyingi. Alichoma mistari kwa waya wa moto: mashamba ya chai yakipanda na kushuka, mawingu, watu na vikapu migongoni. Kisha akachukua msumari wa moto akatoboa matundu madogo kila mahali palipostahili tone la mvua, na kila tundu akaliziba kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na vipande vya kreyoni. Nta nyekundu, ya samawati, ya manjano. Ukikitazama mchana ungedhani kimeshonewa shanga.

Alimweleza baba yake ni kitu gani. Alimweleza kila kitu, kwamba ndani yake kitashushwa kitaa kidogo cha sola kwa kamba, na mwanga utapita kwenye nta. Alimwambia hatakiwasha hata mara moja mpaka siku ya maonyesho, Jumamosi ile ya mwisho wa likizo, wazazi wote wakiwa ukumbini. "Utakuja, baba?"

Johana alikuwa anasikiliza mpira kwenye redio. "Nikipata nafasi," akasema. Mpira ulikuwa na penalti.

*

Wiki moja kabla ya maonyesho, wageni walikuja kwa ajili ya Chepkemboi, binti mkubwa. Ilikuwa siku ya koito, siku ambayo watu wa upande wa kijana hufika nyumbani kwa msichana, wakakaa, wakaongea mambo ya ndoa kwa mdomo wa wazee. Walikuwa wanatoka Bomet. Baba ya kijana aliitwa Nicholas, mwenyekiti wa ushirika wa maziwa kwao, mtu wa suti na kofia ya ukingo, na habari zake zilikuwa zimefika kabla yake. Johana hakulala vizuri tangu aliposikia neno mwenyekiti.

Asubuhi hiyo alitembea boma lote akitafuta aibu ili aiondoe. Aliondoa gurudumu la zamani. Alifunga mbwa mwenye upele nyuma ya zizi. Akaingia stoo, na hapo akakiona kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, ambacho Joan alikuwa amekiandaa kwa ajili ya wageni.

Kilikuwa kibuyu cha mama yake Johana. Mama alikuwa amekufa miaka mingi. Kilikuwa cheusi kwa moshi na mafuta ya mikono, na ubavuni kilikuwa na ufa ulioshonwa kwa ukanda wa ngozi, mshono mbaya, maana mama aliushona macho yake yakiwa yameanza kufifia. Joan alikuwa amekisugua ndani kwa makaa ya mti wa senetwet kama inavyotakiwa, akatia maziwa, akayapa siku zake mpaka yakaiva. Hakuna mursik tamu kushinda ya kibuyu hicho. Lakini Johana hakuona utamu. Aliona ule mshono mbele ya mwenyekiti.

Na kwenye rafu, juu ya gunia la mbolea, kulikuwa na kile kingine. Kipya, cheupe kama mkate, kimechorwa mashamba ya chai, kinang'aa shanga.

Joan alikuwa jikoni nje na akina mama wengine, macho kwenye moshi. Angemuuliza. Angeweza pia kumuuliza mtoto, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi za jiko akimenya viazi. Johana hakuwa mtu wa kuuliza nyumbani kwake. Alifungua kibuyu cha mama, akamimina mursik yote ndani ya kile kipya, hakukisugua kwa makaa, hakukipitisha maji. Kisha akasukuma kibuyu cha mama nyuma ya gunia la mbolea, akalivuta gunia mbele yake.

Kulikuwa na baridi, ile baridi ya ukungu inayokuja na mwezi wa nane. Sebuleni waliweka jiko la makaa katikati ili wageni waote. Johana alikiweka kibuyu kwenye meza ndogo, karibu na jiko, mahali ambapo kila anayeingia angekiona.

Wageni wakafika. Maombi yakafanywa. Salamu zikazunguka chumba kizima, kisha zikazunguka tena. Nicholas alikaa karibu na jiko, kofia gotini, na kando yake akakaa dada yake, mama mmoja mnene mwenye macho makali aliyeitwa Elmina, shangazi wa bwana arusi. Kiptanui, jirani na rika la Johana, alikuwa upande wa wenyeji, kazi yake ikiwa kuchekesha watu maneno yakikwama.

Macho ya Nicholas yalitua kwenye kibuyu na hayakuondoka.

"Huyu aliyechora hii kibuyu," akasema, "ana mkono. Tazama, Elmina. Mpaka kikapu kiko na mistari. Siku hizi hakuna watu wa kufanya kazi kama hii."

Johana alisikia moyo wake ukipanda kama maziwa kwenye sufuria. Hapo ndipo angesema ni ya mtoto wake. Neno lilikuwa fupi. Lakini aliona haya mbele ya mwenyekiti, kwamba kitu kizuri kuliko vyote nyumbani kwake kimefanywa na mtoto wa darasa la nne kwa msumari.

"Ni ya marehemu mama yangu," akasema. "Alichora mwenyewe. Alikuwa mtu wa mikono sana."

"Alikuwa," Kiptanui akasema polepole, akimwangalia Johana kwa upande. Kiptanui alikuwa amenywa mursik ya mama huyo tangu akiwa mchungaji wa mbuzi. Alijua kibuyu chake. Alitazama kucha zake.

"Basi tumeheshimiwa," Nicholas akasema.

Joan aliingia na trei ya vikombe. Akaona kibuyu. Akasimama palepale. "Baba Chepkemboi," akasema kwa sauti ya chini, "hiyo umetoa wapi?"

"Weka vikombe, mama."

"Baba Chepkemboi, hiyo si ya—"

"Nimesema weka vikombe."

Akaweka. Na Johana akasimama, akashika kibuyu shingoni na tumboni, akaanza kukitikisa, maana mursik lazima itikiswe ili makaa na maziwa yachanganyike kabla ya kumiminwa. Alikitikisa kama mwanamume anayetaka kuonekana. Nta ilikuwa imekaa na moto wa jiko muda wote wa maombi na salamu. Ilikuwa laini kama siagi.

Tone la kwanza la nta lilifumuka likagonga ukuta. Kisha yakaja yote ya upande mmoja. Maziwa ya kijivu yalitoka kwenye kibuyu kama yanatoka kwenye bomba la kunyunyizia ng'ombe dawa, kwa nyuzi nyembamba, huku na huku, na Johana, badala ya kuacha, alikigeuza ili aone kuna nini. Kwa kukigeuza akamlenga mwenyekiti. Kifua cha suti, tai, uso. Kofia iliyokuwa gotini ikajaa vidoa kama kanga.

Maziwa yaliendelea kudondoka kutoka viganjani mwa Johana, yakaanguka kwenye makaa yakachemka, na chumba kikajaa harufu ya maziwa machachu yaliyoungua.

Johana angeweza kuyameza hayo. Maziwa ni maziwa. Kilichomrudia baadaye kila alipofumba macho ni alichofanya halafu.

"Chepchirchir!" akaita kwa sauti iliyofika barabarani. "Kuja hapa!"

Mtoto akaja na kisu cha viazi mkononi. Aliona kibuyu. Alifungua mdomo.

"Wewe umefanya nini kibuyu ya kogo? Eh? Nani alikutuma utoboe kibuyu ya nyanya yako? Takataka zenu za huko kanisani, mnaleta mpaka kwa nyumba ya watu! Ona mgeni! Ona!"

Chepchirchir alitazama wageni, akatazama maziwa, akamtazama baba yake. Hakuwa anajitetea. Alidhani baba amesahau kweli, akataka kumkumbusha.

"Baba, si ya kogo," akasema. "Ya kogo ndiyo ile nyeusi. Hii ni taa yangu. Nilikuambia."

Johana alisimama na kibuyu kilichovuja, na watu wote wa Bomet wakimtazama. Masikio yake yaliwaka kana kwamba ameyaweka kwenye jiko. Chepchirchir aliendelea kukitazama kibuyu, kisha akaona vile vipande vya nta vilivyotapakaa sakafuni, vingine vimekanyagwa, na hapo ndipo alianza kulia, bila sauti, mabega tu.

Elmina alisogea mbele ya kiti chake. "Ni taa?" akamuuliza mtoto. "Inawaka?"

Mtoto akakimbia nje.

"Mimi ni mtu wa ng'ombe," Nicholas akasema, akijipangusa uso kwa kitambaa. "Maziwa hayajaniua mpaka leo. Tuendelee." Alisema kwa upole, na upole huo ulimchoma Johana kuliko kama angetukanwa. Wakaendelea. Mambo ya Chepkemboi yalikwenda vizuri, wazee walikubaliana, walikula, wakaomba tena. Walipokuwa wanaondoka Elmina alimshika Johana mkono akaushikilia.

"Ile taa inaonyeshwa lini? Mama ya msichana amesema kuna maonyesho."

"Jumamosi," Johana akasema. "Roret."

"Nitapita nione. Nina mambo yangu sokoni." Akamwangalia usoni. "Iwe inawaka."

*

Joan hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa rahisi. Alitoa gunia la mbolea, akakitoa kibuyu cha mama mkwe wake, akakiosha, akakikausha, akakirudisha mahali pake.

Chepchirchir alikuwa amekitupa chake kwenye jaa nyuma ya zizi. Johana alikiona alipokwenda kukamua, kimelala kwenye samadi, mvua ikikinyeshea. Alimkuta binti yake kibarazani, mikono katikati ya magoti. Mtoto huyo mikono yake haikuwa ikikaa bure. Ungemkuta anasuka majani, anachora ardhini kwa kijiti, anamfinyanga mtu kwa ugali uliobaki. Sasa ilikuwa imekaa tu.

"Jumamosi utavaa nini?" Johana akajaribu.

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Ni takataka," Chepchirchir akasema. Hakulisema kwa ukali wala kwa kujibizana. Alilisema kama mtu anayetaja jina la kitu.

Johana akaenda nyuma ya zizi, akaokota kibuyu kwenye samadi, akakipangusa kwa shati lake.

Kwenye kituo cha kununua majani, siku ya kuchuma, habari zilikuwa zimemtangulia. Kiptanui aliweka gunia lake chini, akatazama kikapu cha Johana. "Leo umeleta majani, ama umeleta ile bomba ya dawa? Mimi niko na ndama ana kupe." Watu wakaangua kicheko. Johana kwa kawaida angemjibu kwa maneno yasiyoandikika. Alipanga foleni tu. Kiptanui aliona, akaja karibu, akasema kwa sauti nyingine, "Ile ya mama yako ningeitambua hata gizani, Johana. Kwa nini uliificha?" Johana akaweka kikapu chake kwenye mizani.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kanisani, kibuyu kikiwa ndani ya koti. Watoto walikuwa wanapaka rangi magunia. Mmoja alimwona akamkanyaga mwenzake mguu. "Baba ya Chirchir! Yule wa mursik!" Kicheko kikaenda meza hadi meza, kila mtoto akikibana kwa mkono wake.

Madam Dolphine alimtoa hadi pembeni. Johana alifungua koti.

"Madam, nisaidie. Niko na haja itengenezwe kabla ya Jumamosi. Uweke nta vile ilikuwa. Nitamrudishia, atakuta iko sawa, atakuja."

Madam Dolphine alikitazama kibuyu. Alikitazama kwa huzuni, maana alikuwa amemwona mtoto akitoboa tundu baada ya tundu. Lakini mikono yake ilienda nyuma ya mgongo.

"Mzee, umeniuliza mimi," akasema. "Yeye umemuuliza?"

Johana alikifunika kibuyu kwa koti. Alielewa alichokuwa karibu kufanya: kukichukua tena, mara ya pili, bila kuuliza. Hata toba yake alitaka kuifanya kwa wizi.

"Hataki kuongea na mimi," akasema.

"Basi una kazi." Akaingia ndani, akarudi na donge la nta na vipande vya kreyoni kwenye kikaratasi. "Hizi ni zake zilibaki. Mpelekee. Na mzee, usimwambie imekuwa nzuri kuliko mwanzo. Watoto wanajua tukiwadanganya."

*

Alimkuta Chepchirchir shambani, jioni bado haijafika, akiwa ametumwa kuokota vijiti vya michai iliyopogolewa kwa ajili ya kuni. Johana alikaa chini kwenye nyasi. Hakuwahi kukaa chini mbele ya mtoto. Aliweka kibuyu na kikaratasi kati yao.

"Nilikosa," akasema.

Chepchirchir aliendelea kufunga kuni.

"Nilichukua kitu yako bila kukuuliza. Halafu nikakulaumu mbele ya watu."

"Uliwaambia ni ya kogo."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Johana aliangalia safu za chai zikishuka bondeni. Alitafuta uongo mwingine, wa kawaida, kama mtu anayepapasa mfuko. Hakukuwa na hata mmoja.

"Kwa sababu ilikuwa nzuri. Na niliona haya kusema ni ya mtoto."

"Lakini wewe ulisema ni takataka."

"Nilisema."

"Sasa ni gani?"

Swali la mtoto, na mtu mzima jasho likamtoka kwenye baridi ile. "Ni nzuri," akasema. "Ilikuwa nzuri hata wakati nilisema vile. Na ile kitambaa ya chai ilikuwa nzuri. Ng'ombe sijui, yule shingo yake kweli ilikuwa ndefu."

Alidhani atacheka. Hakucheka. Zamani angecheka. Alichukua kibuyu, akakinusa ndani, akakunja uso.

"Inanuka."

"Nitaosha."

"Usiguse," Chepchirchir akasema. Halafu, baada ya kufunga fundo lake vizuri, "Ya kogo iko wapi?"

"Iko nyumbani. Mama ameiweka."

"Nitaenda Jumamosi kama utaibeba. Nataka watu waone ya kogo ni gani na yangu ni gani. Wewe ndiye utawaambia."

"Mimi?"

"Si ni wewe uliwaambia ile ingine?"

*

Jumamosi ukumbi ulikuwa umejaa. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia ili pawe na kiza cha kutosha. Mezani kulikuwa na ng'ombe wa udongo, vikapu, nyuso za trei za mayai, vitambaa vya rangi ya chai vikining'inia kwenye kamba. Kila mtoto alisimama mbele ya kazi yake akaieleza. Mzazi akiuliza swali, mtoto ndiye aliyejibu. Kijana wa ng'ombe alikuwa pale, na ng'ombe wake alikuwa na miguu minene kama nguzo, amesimama imara.

Johana alikuwa nyuma karibu na mlango, amevaa koti la kanisa, kibuyu cheusi kifuani. Alikuwa ameomba Mungu Elmina apate mafua. Elmina alikuwa mstari wa mbele, na kikapu cha soko miguuni.

Zamu ya Chepchirchir ilipofika alishusha kitaa ndani ya kibuyu kwa kamba, taratibu, kama anayeshusha ndoo kisimani. Mvua ikaonekana. Ilionekana ukutani, darini, kwenye vipara vya wazee: matone mekundu, ya samawati, ya manjano. Lakini upande mmoja hakuwa ameweka nta tena. Matundu yaliyofumuka aliyaacha wazi, na hapo mwanga ulitoka mweupe mkali, kwa nyuzi, ukafika mbali kuliko ule wa rangi. Watu walisema aaa. Halafu joto la watu waliojaa likaamsha kilichobaki ndani, na harufu ya mursik ikapanda ukumbini. Pua zikageuka. Mtu akacheka, na wengine wakajua ni kwa nini anacheka.

"Hii ni taa ya mvua," Chepchirchir akasema. "Hapa palipo weupe ni mahali maziwa yalitokea. Nimeacha vile." Akatazama nyuma. "Baba."

Johana akaenda mbele. Ilikuwa njia fupi. Matone yalimtembea usoni, na hata kwa mwanga huo wote aliomba kuwe na giza zaidi. Alisimama kando ya binti yake na kibuyu kilichoshonwa kwa ngozi.

"Hii ndiyo ya mama yangu," akasema. "Hii nyeusi. Niliificha nyuma ya mbolea. Ile inawaka ni ya huyu, alifanya peke yake. Siku ya wageni nilisema uongo, halafu nikamfokea." Alikipandisha kibuyu kifuani. "Ni hayo tu."

Hakuna aliyepiga makofi. Hayakuwa maneno ya kupigiwa makofi.

"Tulijua, bwana," Elmina akasema kutoka mstari wa mbele, kwa sauti ya sokoni. "Kwani mama yako alikuwa na kreyoni?"

Ukumbi ukapasuka. Walicheka mpaka benchi moja likalia. Joan alificha uso kwa leso. Johana alisimama katikati ya kicheko hicho akikumbuka maneno ya Nicholas siku ile, tumeheshimiwa, na kuelewa kwamba yalisemwa na mtu aliyekuwa anajua, kwamba walimwachia uongo wake kama unavyomwachia mgonjwa kiti. Hakukuwa na mahali pa kuangalia isipokuwa chini.

Chepchirchir hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama kibuyu cha nyanya yake, jinsi kilivyokuwa kinateleza kwenye viganja vya baba yake vilivyolowa jasho. Nyuzi za mwanga mweupe zilikuwa zimeangukia juu ya ule mshono wa ngozi, kila tundu la sindano likionekana.

"Shika na mikono yote miwili, baba," akasema.

Akashika.